Misioneri wa Ghorofa ya Tatu

Kwa miaka saba niliishi chini ya mtu ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha kuamrisha tu. Njoo. Toka. Kaa. Beba. Nyamaza. Upesi. Alikuwa Mjerumani, mzee mrefu mwenye masikio makubwa mekundu, na tulikutana hapa Uswidi, Rissne, kitongoji cha Stockholm, katika jengo la ghorofa nane nilimomlelea binti yangu. Jina lake lilikuwa mlangoni kwake, kwenye kibao cha shaba alichokisugua kila Ijumaa, lakini sitalitaja. Mimi nilipoongea naye nilimwita Mzee. Kanisani walimwita Misioneri. Hapa nitamwita Jirani, maana hilo ndilo jambo pekee kuhusu yeye ambalo halijawahi kubishaniwa.

Kwanza ni lazima nieleze chumba cha kufulia. Katika nchi hii huna haja ya kuwa na mashine yako ya kufua. Chini ya jengo kuna chumba chenye mashine za wote, na ukutani kuna ratiba. Unajiandikia saa zako, unafua, unapangusa, unaondoka. Ukipitiliza dakika tano umetangaza vita. Jirani alikuwa mlinzi wa ratiba hiyo. Hakuna aliyemchagua na hakuna aliyethubutu kumwondoa.

Wiki niliyohamia, nikitokea chumba cha kushirikiana kule Hjulsta, niliisoma ratiba vibaya. Nilikuwa nimejaza mashine mbili wakati Jirani aliposhuka na karatasi mkononi, akaanza kunisomea makosa yangu kwa Kiswedi. Nilielewa nusu. Nilikuwa kwenye simu na dada yangu aliyeko Uvira, nikamwambia, "Yaya, ngoja kidogo, kuna mzee hapa ananililia kama mbuzi."

Jirani aliikunja karatasi yake mara mbili.

"Mbuzi hapana," akasema kwa Kiswahili. "Toa nguo. Upesi."

Sijawahi kutoa nguo kwenye mashine kwa kasi ile, kabla wala baadaye. Nilipopata pumzi nilimuuliza kwa Kifaransa, kwa sababu lafudhi yake ilikuwa ya kwetu Kongo kabisa, alikuwa akifanya kazi gani huko. Mashine ya pili ilikuwa inakamua, sakafu inatetemeka, maji yanapiga kelele kwenye bomba. Alinijibu kwa neno moja. Nilisikia *missionnaire*.

"Mungu akubariki, Mzee," nikamwambia.

Alinitazama muda mrefu. Kisha akasema, kwa Kiswedi, nisisahau kusafisha kichujio.

Jumapili iliyofuata niliwaambia watu kanisani kwamba juu yangu anaishi misioneri mstaafu. Sisi tunasali kwenye ukumbi wa kukodi pale Spånga, Wakongomani kwa wingi, Warundi, Wanyarwanda kiasi, na wanandoa wawili Wakenya wanaotutafsiria matangazo ya Kiingereza ambayo hakuna aliyeomba yatafsiriwe. Mchungaji alifurahi kupita kiasi. Kuwa na misioneri mzee wa Kizungu kwenye kusanyiko ni kama kuwa na kinanda kipya. Nikatumwa nimlete.

Alikuja, nadhani, kwa sababu ya sombe, kisamvu cha kwetu. Nilimwambia baada ya ibada tunakula, na sombe ya mama mmoja wa Fizi ina mawese halisi. Aliketi safu ya nyuma karibu na mlango, mgongo ukiwa ukutani, na kwaya ilipoimba alilia bila kujipangusa, machozi yakishuka mpaka kwenye kola. Mahubiri yalipoanza alitoka nje kuvuta sigara. Chakula kilipopakuliwa akarudi. Ndivyo alivyofanya kila Jumapili kwa miaka sita, na watu wakasema, mwone, mnyenyekevu, misioneri wa kweli hajitangazi.

Mzee mmoja wa kanisa alimuuliza siku moja alihudumu kituo gani.

"Huku na huku," Jirani akamjibu. "Tulitembea sana."

"Na watu walilipokea Neno?"

Jirani alifikiri. "Wengi walikimbia."

"Shetani!" akasema yule mzee wa kanisa kwa uchungu, akamwongezea ugali.

Nasimulia haya ili ieleweke kwamba yule mtu hakuwahi kutudanganya hata mara moja. Tulijidanganya wenyewe, yeye akawa anatupitishia sahani.

Kazi yake hapa Stockholm ilikuwa kutengeneza lifti. Alifanya kazi hiyo zaidi ya miaka thelathini mpaka akastaafu, na yeye mwenyewe hakupanda lifti. Alipanda ngazi, hata akiwa na mifuko ya viazi, na ukimuuliza sababu alisema, "Mimi najua nani anazitengeneza." Nyigu wakiingia kwenye ngazi za jengo alikuwa akiwafunika kwa glasi, anapitisha kadi chini, anawatoa nje kama wageni waliopotea njia. Alipiga pasi mashuka. Alipiga pasi hata taulo za jikoni. Theluji ikianguka, alikuwa ameshafagia njia yote mpaka kituo cha basi kabla sijaamka kwenda kazini, na mimi naamka saa kumi na moja, maana napika kwenye jiko la shule na watoto mia tatu hawasubiri.

Majirani Warundi walipofanya sherehe ya posa ya binti yao, ngoma zikalia kupita saa zilizoruhusiwa, yeye ndiye aliyepiga simu polisi. Lifti ilipokwama usiku huohuo, yeye ndiye aliyembeba nyanya wa bibi harusi mgongoni mpaka ghorofa ya sita. Polisi walipofika walimkuta ngazini, amembeba mlalamikiwa.

Nilipofanyiwa upasuaji wa nyongo nililala hospitali siku nne, na nyumbani nikakaa wiki mbili siwezi kuinua sufuria. Binti yangu Furaha alikuwa na miaka minane. Jirani alituletea chakula siku kumi na moja mfululizo, viazi na soseji, viazi na samaki, kila chombo kimeandikwa siku yake kwa herufi kubwa, na Furaha akila alimsimamia: "Kula. Maliza. Bado." Furaha aliniambia kwa Kiswedi, maana mtoto huyu ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kiswedi, kwamba mzee wa juu anajua Kiswahili vizuri kuliko yeye. Niliona aibu. Lilikuwa jambo la kweli.

Alikuwa na misemo miwili. Wa kwanza ulikuwa "Kazi ni kazi," ambao aliutumia mahali ambapo sisi tungesema pole, au hongera, au Mungu anajua. Wa pili ulikuwa huu: "Lifti haimwulizi mtu anakwenda kwa nani." Niliupenda sana. Nilifikiri unahusu neema. Nilimwambia Mchungaji, naye akauhubiria dakika arobaini.

Wazo la darasa lilikuwa langu, na nalibeba. Watoto wetu walikuwa wanapoteza lugha. Tulikodi chumba cha chini pale Hjulsta, kila Jumamosi asubuhi, tukaanza kuwafundisha Kiswahili, sisi akina mama kwa zamu, na ilikuwa fujo tupu. Watoto walipanda meza. Siku moja Jirani alikuja kutengeneza mlango uliokuwa haufungi, akasimama dakika tatu akitutazama tunavyobembeleza, kisha akasema neno moja tu, "Kaa," wala hakulisema kwa nguvu. Watoto kumi na tisa wakakaa.

Kuanzia hapo akawa mwalimu. Wazazi walifurahi. Ndani ya mwezi mmoja watoto wetu, waliokuwa hawawezi kusema shikamoo, walijua kusimama, kuketi, kupanga mstari, kubeba viti, kunyamaza na kutoka nje, vyote kwa Kiswahili safi cha Kongo ya Mashariki. Baba mmoja alisema machozi yakimlenga, "Bila wamisionari tungekuwa wapi?"

Mwaka wa pili wa darasa nilianza kumwombea mama yangu viza ya kuja kunitembelea. Fomu zilinishinda. Jirani alizijua fomu. Alizisoma kama watu wengine wanavyosoma magazeti. Tuliketi jikoni kwangu, yeye akiandika kwa kalamu nyeusi, akiniuliza kwa Kiswedi na mimi nikimjibu. Jina la mgeni. Tarehe ya kuzaliwa. Mahali alipozaliwa.

Nikataja mji wetu, mji mdogo wa wavuvi kwenye mwambao wa Tanganyika, chini ya milima.

Kalamu ilisimama.

"Unaujua, Mzee?" nikauliza. "Ulipita huko?"

"Niliupita," akasema. Akaandika jina la mji bila kuniuliza herufi zake, na hakukosea hata moja. Waswedi wote hukosea. Nilifurahi! Nilisema, mama atafurahi kukutana na mtu anayekujua kwetu.

Viza ilitoka. Nasema kwa haki kwamba ilitoka kwa sababu fomu ile haikuwa na kosa.

Mama alifika mwezi wa tano, miezi mitatu ya viza mkononi, mwanamke mdogo wa miaka sabini na mbili, amevaa sweta mbili na kitenge juu. Jirani hakuja kumsalimu. Ratiba ya kufulia ilionyesha kwamba sasa anafua saa moja asubuhi, yeye ambaye kwa miaka yote alifua Jumatano jioni. Jumapili ya kwanza hakuja kanisani, ya pili pia. Nilimkuta ngazini nikamwambia, "Mzee, mama anakuuliza." Akasema ana mafua.

Lakini darasa hakuliacha. Nadhani aliamini mama hatakuja Hjulsta, na kweli, mama alichoka haraka. Jumamosi ya tatu Furaha alimwomba aje amsikie akisoma shairi, na mama akaja.

Tuliingia kimya kupitia mlango wa nyuma. Jirani alikuwa mbele ametupa mgongo, anafuta ubao. Mama aliketi kwenye kiti karibu na makoti, mkoba wake mapajani. Ilikuwa saa ya mapumziko, na Jirani, bila kugeuka, akatoa amri ambayo alikuwa ameitoa kila Jumamosi kwa miaka miwili:

"Bote inje! Mustari moja! Upesi!"

Watoto walisukuma viti wakatoka mbio wakicheka. Nilikuwa nazungumza na mama mwingine. Nilipogeuka, kiti cha mama yangu kilikuwa kitupu, mkoba uko sakafuni. Nikatoka nje. Watoto walikuwa wamepanga mstari kwenye ukuta wa matofali, wakisukumana, na mwisho wa mstari, baada ya mvulana wa mwisho, alisimama mama yangu. Alikuwa ameweka mikono yake miwili juu ya kichwa. Macho yake yalitazama chini, kwenye viatu vyake.

"Mama," nikasema. "Mama, ni mchezo. Ni darasa."

Hakushusha mikono. Watoto walianza kunyamaza mmoja baada ya mwingine. Furaha akasema "Bibi?" na nadhani lilikuwa neno lake la kwanza la Kiswahili kwa wiki nzima.

Jirani alitokea mlangoni na chaki mkononi. Akamwona. Sura yake haikubadilika, lakini masikio yake yalikuwa meupe, yale masikio mekundu, meupe kama karatasi. Alifungua mdomo, na nilielewa kwamba anatafuta neno la kumwambia ashushe mikono, na kwamba katika Kiswahili chake chote halikuwemo ila kama amri. Akafunga mdomo, akarudi ndani.

Mimi ndiye niliyemshusha mama mikono, mmoja kwanza, wa pili baadaye. Ilikuwa baridi kama samaki. Tulipofika kwenye treni ndipo aliposema.

"Ninyi mulisema huyu ni misioneri."

"Ndiyo, Mama."

"Huyu hapana misioneri. Mimi nilisoma kwa wamisioneri. Misioneri anasema *ingieni*. Hawa walisema *tokeni*." Akafunga kitenge chake vizuri. "Huyu ni mersenere."

Mersenere ndivyo tulivyosema kwetu. Watanzania husema mamluki. Ni askari wa kukodiwa. Na hapo, kati ya Hjulsta na Rissne, nilisikia upya mashine inavyokamua, sakafu inavyotetemeka, na lile neno moja la Kifaransa. *Mercenaire.* Mtu alikuwa ameniambia ukweli siku ya kwanza, mimi nikamjibu Mungu akubariki.

Kwa asiyejua historia yetu nitasema kwa kifupi. Wabelgiji walitupa uhuru, kisha watu wakaona bwana ameondoka lakini kiboko kimebaki. Wakainuka tena, wakauita uhuru wa pili. Serikali na marafiki zake wakaajiri Wazungu wa kila aina kuja kuuzima, na wengine walikuwa Wajerumani, vijana waliozaliwa baba zao wakiwa kwenye vita vya kwao. Walikuja kwa malori na kwa boti. Mama yangu alikuwa na miaka kumi na miwili.

Jioni ile nilipanda kwake. Sikubisha hodi kwa upole.

"Ulinidanganya," nikamwambia kwa Kiswedi, mlangoni.

"Sikukudanganya. Nilikuambia. Ukanibariki."

"Ulijua nimesikia vibaya!"

"Nilijua."

"Sasa kwa nini hukusema?"

Alifikiri kwa uaminifu, kama mtu anayekagua waya. "Ulinipandisha cheo," akasema. "Askari hakatai cheo."

Ningempiga. Badala yake niliingia, nikakaa kwenye kiti chake bila kukaribishwa, naye akanieleza. Alikuwa na miaka ishirini na mmoja, anapaka rangi meli bandarini, amechoka. Kulikuwa na mtu kwenye baa aliyekuwa na fomu. Mkataba wa miezi sita. Waliambiwa wanakwenda kuwaokoa wamisionari.

"Na mliwaokoa?"

"Wawili. Walilalamika kwamba tunavuta sigara."

"Na wengine? Watu wa kwetu?"

Akatazama mikono yake. Alisema waliambiwa wanapeleka amani. "Mahali pengi tulipofika, amani ilikuwepo. Ilituona ikakimbia." Kwa mshahara wa miezi sita alinunua gari, jekundu, jipya. Liliibwa wiki ya tatu mbele ya nyumba ya dada yake. Alisema hivyo bila kutabasamu, na nilitambua kwamba amekuwa akijisimulia hadithi hiyo kwa miaka sitini akitafuta mahali pa kucheka.

"Mji wetu," nikasema. "Ulikuwa pale?"

"Siku tatu."

"Ulifanya nini?"

"Nilitoa watu nje ya nyumba," akasema. "Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu. Wengine walifanya mengine. Mimi nilijifunza maneno upesi, kwa hiyo wakanipa kazi ya maneno."

Nikamngoja aseme kazi ni kazi. Hakusema.

Kanisani kulifanyika kikao, na kilikuwa kikao cha kwetu, yaani kila mtu alikuwa amejua siku zote. Yule mzee wa kanisa alisema macho yake hayakumpendeza tangu mwanzo. Baba aliyekuwa amelia kwa ajili ya wamisionari alitaka watoto wote waombewe. Mama wa sombe alisema amemlisha shetani miaka sita na shetani hakuwahi kuosha sahani, ambalo halikuwa kweli, Jirani aliziosha zote. Mchungaji alikuwa na shida yake binafsi, ya dakika arobaini za lifti. Waliamua asifundishe tena. Barua ikaandikwa, na kwa kuwa hakuna mtu aliyejua Kiswedi cha barua rasmi, mtu mmoja, siapi, lakini nilimsikia kwa masikio haya, aliuliza kama Misioneri angeweza kutusaidia kuiandika.

Darasa lilirudi kuwa fujo. Watoto waliuliza mzee yuko wapi na hatukuwa na jibu la umri wao. Mimi nilikuwa nimemkasirikia na nilikuwa nimejikasirikia, na pia, nisifiche, asubuhi nilisikiliza kama viatu vyake vinashuka ngazi. Mtu anayekupikia siku kumi na moja huwezi kumchukia moja kwa moja. Unamchukia kwa vipindi.

Jirani alizikwa mwezi wa pili wa mwaka uliofuata, ardhi ikiwa ngumu kama chuma. Tulikuwa watu sita. Mchungaji alikuja bila kuvaa joho, akasema amekuja kama mtu binafsi, kisha akasali kama mchungaji. Mama wa sombe alikuja na sombe.

Lakini kabla ya hayo, mwezi wa nane, mama akiwa bado hajarudi kwetu, Jirani alianguka kwenye ngazi na kuvunjika nyonga, akapelekwa nyumba ya wazee pale Spånga. Nilimwambia mama kama habari tu, tukiwa tunamenya vitunguu. Mama aliweka kisu chini.

"Ndege yangu ni lini?"

"Alhamisi."

"Basi nipeleke Jumanne."

"Mama, hulazimiki. Hakuna anayekutaka usamehe."

"Nani amesema habari ya kusamehe? Nina swali."

Jumanne tulimkuta kwenye kiti karibu na dirisha, blanketi miguuni, amepungua kama kitu kilichofuliwa kwa maji ya moto. Alipomwona mama alijaribu kusimama, akashindwa. Mama hakuvua koti. Alivuta kiti akakaa mbele yake, magoti karibu kugusana, akaanza kusema polepole, nami nikawa natafsiri kwa Kiswedi ili asikose chochote.

Alisema kulikuwa na kijana wa miaka kumi na saba. Kaka yake. Kwenye soko la samaki, siku ya pili, wale Wazungu walimbebesha sanduku la risasi, yeye na vijana wengine, wakaenda naye njia ya mlimani. Alivaa shati ambalo mama yao alikuwa amelishona juzi yake, mkono mmoja bado haujapindwa. Hakurudi. Wengine wachache walirudi, yeye hakurudi.

"Mwulize," mama akaniambia. "Alikufa wapi?"

Jirani alifumba macho. Nasema alitafuta kweli. Niliona kope zake zikitembea. Kisha akaanza kunieleza kwa Kiswedi. Aliikumbuka njia ile. Alikumbuka lori lililozama kwenye tope na mvua ya siku mbili. Alikumbuka mbwa wa kamanda, jina lake, rangi yake. Alikumbuka nambari ya bunduki yake, akanitajia yote. Alikumbuka ladha ya nyama ya kopo.

"Wabebaji," akasema, "walikuwa wengi. Wengine walitoroka. Wengine walizama mtoni. Wengine walipigwa risasi, na sijui zote zilitoka upande gani. Hatukuandika majina yao. Mwambie simkumbuki."

Mama alikuwa ananitazama mimi, si yeye. Nilikuwa na sentensi tayari mdomoni. *Labda alitoroka, Mama, labda alivuka ziwa.* Ilikuwa nyepesi, na nusu yake mzee alikuwa ameisema. Angeondoka nayo Alhamisi.

"Anasema hamkumbuki," nikasema. "Anasema hawakuandika majina ya wabebaji. Amemkumbuka mbwa."

Mama alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayeambiwa bei aliyokuwa anaijua. Chumba cha pili redio ilikuwa inasoma hali ya hewa. Nilifikiri tumemaliza, nikachukua mkoba wake.

"Aliitwa Asukulu," mama akamwambia, moja kwa moja, kwa Kiswahili. "Sema."

Jirani akamtazama.

"Sema jina."

"Asokolo," akasema.

"Hapana. Asukulu."

"Asukuru."

"Hapana. Rudia."

Akarudia. Alikosea tena, mara mbili, midomo yake ya kizee ikijikwaa mahali palepale, na mama akamrudisha bila hasira na bila haraka, kama wale walimu wake wa misheni walivyomrudisha yeye. Mwuguzi alifungua mlango, akatuona, akaufunga. Mara ya sita Jirani alilisema sawasawa.

"Asukulu."

"Eeh," mama akasema. "Ndivyo." Akafunga kifungo cha juu cha koti lake. "Baba amekufa, mama amekufa, ndugu zangu wote wamekufa. Nilibaki peke yangu na jina hili. Mwambie sasa tuko watatu tunaolijua."

Nilimwambia. Tulipofika mlangoni tulimsikia nyuma yetu akilisema tena, bila kuambiwa, kwa sauti ya chini. Mama hakugeuka, lakini alisimama pale, mkono kwenye kitasa, mpaka alipomaliza.